'Bei haipungui': Mnunuzi wa gari avutane wapi?

MKULIMA wa tumbaku wa Katumba, mkoani Katavi, hashangai kukuta bei imepangwa. Bei ya kila daraja hukubaliwa kabla ya soko kufunguliwa, na siku ya mauzo mvutano huwa juu ya daraja: mzigo huu umewekwa la ngapi, na kwa nini? Lakini mkulima huyo huyo akienda kutafuta Canter ya kubebea mahindi, akaambiwa "bei haipungui", hununa na kuondoka. Huona muuzaji ana kiburi.

Hisia hiyo ina msingi. Magari mengi yaliyotumika hupitia kwa dalali, naye huongeza cha juu. Tuseme mwenye gari anataka Sh milioni 18. Mnunuzi hutajiwa 22. Akishusha mpaka 20 hurudi nyumbani akijisifu, kumbe milioni mbili ni za dalali.

Nchini Marekani, Saturn, tawi la General Motors, liliuza magari mapya kwa bei moja kuanzia mwaka 1990, na wateja wengi walifurahi kuepushwa na mabishano. Lilifungwa mwaka 2010, baada ya General Motors kufilisika. Lakini gari jipya hufanana na jenzake. La mtumba halifanani na lolote, hivyo bei moja bila kutaja hali ya gari ni sawa na tumbaku isiyo na daraja.

Anayeagiza Japani naye ajue kuwa punguzo alilopata huko huenda lisimshushie kodi. TRA ina thamani yake kwa kila aina na mwaka wa gari. Kikokotoo kipo kwenye tovuti yake. Kijana mwenye simu anaweza kukisoma akiwa Katumba, kabla hujapanda basi kwenda Dar es Salaam. Jumlisha kodi hiyo na gharama ya gari hadi bandarini, utajua yadi inapata faida kiasi gani.

Kwa hiyo ukiambiwa bei haipungui, hamia kwenye daraja. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Linganisha namba ya chesisi na kadi. Kagua springi na tairi, kisha endesha gari likiwa na mzigo. Muuzaji aliyegoma kushusha laki tano anaweza kukubali kufunga tairi mbili mpya na kulipia kuhamisha umiliki. Yote hayo yaandikwe kwenye mkataba wa mauziano kabla hujatoa fedha.