Ardhi Chini ya Nyayo Zetu na Somo la Akina Mama wa Simeulue

Suratul Zilzala ni miongoni mwa sura za mwanzo ambazo watoto wetu huzihifadhi chuoni. Mtoto huisoma kwa sauti akiwa amekaa mkekani, kisha akirudi nyumbani humgeukia mama yake na kumwuliza: "Mama, kwani ardhi hutikisika kweli?" Sura hiyo yazungumzia mtikisiko mkuu wa Siku ya Kiama, na elimu ya siku hiyo iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini swali la mtoto lina jibu jingine pia, lililo karibu zaidi nasi: naam, ardhi hutikisika, na tangu kuumbwa kwake haijapata kutulia kabisa. Makala haya yanakusudia kumsaidia mzazi kulijibu swali hilo, kwani huenda siku moja jibu lenyewe likawa sababu ya mtoto kusalimika.

Aigongaye nazi huijua ndani

Kutoka tuliposimama hadi kitovu cha dunia ni masafa ya kilomita 6,371, kiasi cha mara kumi na tatu ya safari ya Mombasa hadi Nairobi. Shimo lenye kina kikubwa kuliko yote aliyowahi kuchimba binadamu, lililoko Kola nchini Urusi, lilifika kilomita 12 na kidogo tu. Basi wataalamu wamejuaje yaliyomo ndani, ilhali hakuna aliyefika?

Wamefanya kama afanyavyo mama sokoni anaponunua nazi. Haivunji, huitikisa, huigonga kwa kidole, akasikiliza. Dunia nayo hugongwa na matetemeko yake yenyewe. Kila tetemeko kubwa hupeleka mawimbi hadi ndani kabisa, na mitambo iliyotegwa pande zote za ulimwengu huyapokea yanapotokea upande wa pili. Yako mawimbi yapitayo katika kila kitu, na yako yasiyoweza kupita katika kitu cha majimaji. Kwa kuangalia lipi limefika, lipi limechelewa na lipi limepotea njiani, wanasayansi wameuchora mwili wa dunia tabaka kwa tabaka.

Juu kabisa pana ganda tunaloishi juu yake. Chini ya bahari kuu unene wake ni kilomita 5 hadi 10 hivi, na chini ya nchi kavu hufika kilomita 30 hadi 70. Chini ya ganda kuna tabaka nene la miamba yenye joto kali, linaloshuka hadi kina cha kilomita 2,900. Wengi hudhani tabaka hilo ni moto wa kumiminika. Sivyo. Ni mwamba mgumu, ila kwa sababu ya joto na umri mrefu huvutika polepole mno, kama nta iliyoachwa karibu na jiko. Baada yake kuna kiini cha nje, ambacho ni chuma kilichoyeyuka pamoja na madini mengine, na katikati kabisa kiini cha ndani, ambacho ni chuma kigumu.

Aliyegundua kwamba kiini cha ndani kipo alikuwa mwanamke. Inge Lehmann wa Denmark, mtaalamu wa hesabu, aliyachunguza mawimbi ya tetemeko lililotokea New Zealand mwaka 1929, akaona baadhi yake yamefika mahali ambapo, kwa elimu ya wakati ule, hayakupaswa kufika. Mwaka 1936 aliandika kwamba lazima katikati ya kiini kuna kitu kingine kinachoyageuza. Wataalamu waliomfuata walimthibitisha. Alizaliwa 1888 na kufariki 1993, akiwa na umri wa miaka 104.

Mabamba yatembeayo

Ganda la dunia, pamoja na sehemu ngumu ya juu ya tabaka lililo chini yake, halikuungana kuwa kitu kimoja. Limekatika vipande vikubwa vinavyoitwa mabamba, na mabamba hayo husogea. Mwendo wake ni wa sentimita chache kwa mwaka, takriban kama ukucha unavyokua. Kinachoyaendesha ni joto la ndani ya dunia, pamoja na uzito wa kingo za mabamba zinazozama na kuvuta zilizobaki nyuma yake.

Mjerumani Alfred Wegener alipotangaza mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa yameshikana kisha yakaachana, wengi walimbeza, kwani hakuweza kueleza ni nguvu gani iwezayo kulisukuma bara. Alifariki katika theluji ya Greenland mwaka 1930 kabla ya kukubaliwa. Ushahidi ulikuja baadaye, na sehemu yake kubwa ilitoka mkononi mwa mwanamke mwingine, Marie Tharp wa Marekani. Katika miaka ya 1950 wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti, basi yeye alikaa mezani akichora sakafu ya bahari kwa vipimo vilivyoletwa na wanaume. Hapo ndipo alipoona kwamba katikati ya safu ya milima iliyo chini ya Atlantiki umepita ufa mrefu. Mwenzake wa kazi mwanzoni aliupuuza uvumbuzi huo, akauita mazungumzo ya wasichana. Lakini matetemeko ya baharini yalipowekwa kwenye ramani, yalijipanga juu ya ufa ule ule. Tharp alikuwa ameona mahali ambapo sakafu ya bahari hupasuka na ardhi mpya kuzaliwa.

Ufa wa namna hiyo sisi tunao nchi kavu. Bonde la Ufa, ambalo msafiri hulitazama akishuka kuelekea Naivasha, ni mahali ambapo Afrika inapasuka. Upande wa mashariki, pamoja na pwani yetu yote, unasogea mbali na upande wa magharibi kwa milimita chache kila mwaka. Katika bonde hilo, huko Olkaria, joto la chini ya ardhi huzalisha umeme, na karibu nusu ya umeme wa Kenya hutokana na joto la namna hii. Bahari ya Shamu nayo, ambayo mahujaji wetu huvuka wakielekea Jeddah, ilianza vivyo hivyo: Arabuni na Afrika zilikuwa bara moja, zikaanza kuachana zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita.

Kabla ya hapo, Bukini ilikuwa imebanana na pwani hii ya Kenya na Somalia, na Bara Hindi likiwa limeshikana na Bukini. Bukini iliondoka kwetu miaka milioni 160 hivi iliyopita. Bara Hindi likajitenga nayo, likasafiri kaskazini, likagonga Asia na kuinua milima ya Himalaya. Safari hiyo haijakwisha. Bamba lile lile lililokuwa jirani yetu ndilo ambalo leo, upande wake wa mashariki, linazama chini ya bamba jingine karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Na hapo ndipo ilipoanzia habari ya siku ambayo watu wa pwani hii hawajaisahau.

Siku bahari ilipoasi ratiba yake

Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, katikati ya Mfunguo Pili mwaka 1425, mwezi ukiwa mpevu. Kwa saa zetu ilikuwa karibu saa kumi za usiku, adhana ya alfajiri bado. Mbali na sisi, ukingo wa bamba uliokuwa umekwama kwa muda mrefu sana, ukikunjwa kidogo kidogo kama ubao unaopindwa, ulifyatuka. Ulipasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 9.1, na sakafu ya bahari iliinuka na kuyasukuma maji yote yaliyokuwa juu yake.

Wimbi la tsunami si kama mawimbi ya kusi tuliyoyazoea. Katika kina kirefu huenda kwa kasi ya kilomita 700 kwa saa au zaidi, lakini kimo chake huwa chini ya mita moja, hata mvuvi aliye mbali asilitambue. Likikaribia ufuo hupunguza kasi na kujikusanya, likapanda. Siku hiyo watu wapatao 227,000 walifariki au kutoweka katika nchi 14. Huko Aceh, kijiji cha Lampuuk kilifutika, ukabaki msikiti wake umesimama peke yake kati ya vifusi.

Wimbi lilitufikia mchana, baada ya saa nane au zaidi. Kenya ilinusurika kwa sehemu kubwa: tuko mbali, visiwa na miinuko ya chini ya bahari pande za Ushelisheli ilivunja nguvu za maji, na wakati yanafika bahari ilikuwa imekupwa. Zaidi ya hayo, habari za Asia zilikuwa zimekwisha kusikika, na wakuu wakawaondoa watu ufuoni. Hata hivyo mtu mmoja alifariki. Tanzania walifariki watu wasiopungua kumi, na Somalia, hasa pande za Hafun, wapatao mia tatu. Rehema za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao.

Neno moja lililookoa kisiwa

Kisiwa cha Simeulue ni miongoni mwa nchi kavu zilizokuwa karibu kabisa na chimbuko la tetemeko lile. Wimbi liliwafikia kwa muda wa dakika kama kumi tu. Hakukuwa na king'ora wala tangazo la redio. Kwa hesabu ya kawaida kisiwa kile kingepaswa kuangamia. Lakini kati ya wakazi wapatao 78,000, waliofariki kwa maji walikuwa saba.

Siri yao ilikuwa neno moja: *smong*. Mwaka 1907 kisiwa kilipigwa na tsunami, watu wengi wakafa, na walioponea hawakuiacha habari ile izikwe pamoja na maiti. Waliigeuza kuwa hadithi ya jioni na wimbo wa kubembelezea mtoto. Bibi alimsimulia mjukuu: ardhi ikitikisika kwa nguvu, na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani, usingoje. Kwa takriban miaka mia moja neno hilo lilipita midomoni mwa kina mama na mabibi, bila kitabu wala darasa. Asubuhi ile watu walipaza sauti, "Smong! Smong!", na kisiwa kizima kikapanda milimani. Kwingineko Aceh, ambako kumbukumbu hiyo haikuwepo, walikuwepo walioshuka ufuoni kuokota samaki walioachwa na maji.

Nini cha kuwafundisha wanetu

Sisi hatuko mahali pa Simeulue. Tetemeko la Sumatra halitaitikisa sakafu ya nyumba zetu kututahadharisha. Chimbuko jingine la hatari liko Makran, pwani ya Pakistani na Irani, ng'ambo ya Omani, ambako tetemeko la Novemba 1945 lilileta tsunami na kuua watu wengi. Wimbi kutoka huko lingetufikia kwa muda mfupi kuliko lile la 2004. Tangu wakati huo nchi za Bahari ya Hindi zimeunda mfumo wa pamoja wa tahadhari, na kwa Kenya Idara ya Hali ya Hewa ndiyo inayopokea na kutangaza habari hizo.

Lakini kipimo cha kwanza kimo majumbani mwetu. Mwanamke wa pwani aendaye mwambani kutafuta pweza na chaza anajua, kwa tarehe ya mwezi, bamvua ni lini na maji mafu ni lini, na saa ngapi bahari itakupwa. Elimu hiyo aliirithi kwa mamake. Aiongezee jambo moja tu: bahari ikikupwa au kujaa nje ya saa yake, au ikienda na kurudi mara kadhaa ndani ya muda mfupi, hiyo ni onyo.

Tuwafundishe watoto mambo matatu. Kwanza, wakiona maji yamerudi nyuma ghafla na samaki wakitapatapa mchangani, wasishuke kuokota. Wageuke na wakimbilie juu, wakipiga kelele wenzao wasikie. Pili, wakifika juu wasirudi baada ya wimbi la kwanza, kwani mara nyingi lifuatalo ndilo kubwa, na mawimbi huweza kuendelea kwa saa nyingi. Tatu, kila nyumba iliyo karibu na ufuo ikubaliane mapema mahali pa kukutania palipoinuka, ili mama asirudi kumtafuta mtoto ambaye tayari amesalimika.

Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo ategemee. Kumwambia mtoto habari za mabamba, za ufa na za bahari isiyofuata saa yake, ni kumfunga ngamia. Mtoto akikuuliza usiku wa leo kama ardhi hutikisika, usimwambie alale. Mweleze, na umwekee neno lake la kukumbuka, ili naye aje kumwambia wake.

Wallahu aalam.