Namba na Orijino: Istilahi za Vifungio vya Injini

Lugha ya karakana ina ufasaha wake. Fundi husema maneno mawili, mwanagenzi huelewa, na spana inayotakiwa hufika mkononi. Lakini ufasaha huo una sharti moja, nalo ni kwamba kitu kinachozungumzwa kiwe mbele ya wasemaji. Kitu hicho kinapokuwa mbali, na neno likalazimika kusafiri peke yake katika barua, hati ya zabuni au kitabu cha mafunzo, ndipo upungufu wake unapodhihirika. Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa kuchunguza maneno mawili, namba na orijino, yanavyotumika kutaja bolti, nati na vifungio vingine vya injini, na kupendekeza istilahi zitakazowafaa wafasiri, walimu na maofisa wa ununuzi.

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002, unafaa kuwa mfano. Mji huo uko katika barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma na Singida, na umezungukwa na mashamba. Kwa sababu hiyo fundi mmoja aweza kutengeneza trekta la Massey Ferguson asubuhi, Land Rover ya zamani mchana, na pikapu ya Kijapani jioni. Bolti zinazosalia hutiwa katika kopo moja, na humo hukutana mifumo ya viwanda vya nchi mbalimbali, nayo haipatani.

Mfumo wa kwanza ni wa Mwingereza Joseph Whitworth, aliyependekeza kipimo kimoja cha hesi mwaka 1841. Hesi ni ile mizunguko iliyochongwa katika mwili wa bolti. Pembe ya hesi za Whitworth ni nyuzi 55. Mfumo wa pili ni ule wa inchi uliokubaliwa na Marekani, Uingereza na Kanada mwaka 1948, wenye pembe ya nyuzi 60. Wa tatu ni wa milimita, ambao nao una pembe ya nyuzi 60. Land Rover zilizotoka mwaka 1948 na miaka iliyofuata zilitumia kwa sehemu kubwa hesi za Kiingereza za zamani. Zile za baadaye zilihamia mfumo wa pili. Bolti mbili zenye unene wa nusu inchi, moja ya Whitworth na nyingine ya mfumo wa pili, huonekana kama pacha. Hata hivyo ya kwanza ina hesi 12 katika kila inchi na ya pili ina 13. Ukilazimisha nati ya moja katika nyingine, itaingia mizunguko michache, kisha hesi zitaharibika.

Fundi anayetaka trekta lirudi shambani kabla ya mvua aweza kuvumilia bolti isiyo yake, ilimradi ishike. Asiyeweza kuvumilia ni yule anayerejesha gari la kale katika hali ya kiwandani. Tuchukue Datsun 240Z, gari la mbio lenye injini ya silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 2393. Gari hilo linakumbukwa katika Afrika Mashariki kwa kushinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Mwenye gari la namna hiyo leo hatafuti bolti inayoshika tu. Hutafuta bolti yenye urefu, hesi, alama ya kichwani na rangi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Na kwa kuwa haiwezi kupatikana katika duka la jirani, hana budi kuiagiza kwa maandishi. Hapo ndipo lugha inapopimwa.

Tuanze na namba. Karakanani, bolti namba 17 ni ile inayofunguliwa kwa spana namba 17. Namba hiyo, basi, hutaja upana wa kichwa kutoka ubapa mmoja hadi ubapa wa pili unaoelekeana nao, wala haitaji unene wa mwili wa bolti. Katika Volkswagen za miaka ya 1970, zilizofuata kiwango cha Kijerumani cha wakati huo, kichwa cha milimita 17 huwa na mwili wa milimita 10. Katika magari mengi ya Kijapani, kichwa cha milimita 17 huwa na mwili wa milimita 12, na mwili wa milimita 10 hupewa kichwa cha 14. Kiwango cha kimataifa kilichofuata kiliupa mwili huohuo wa milimita 10 kichwa cha 16. Mtu akiandika "bolti namba 17" peke yake, ameagiza vitu viwili tofauti kwa jina moja. Tena spana za Whitworth huandikwa unene wa bolti na si upana wa kichwa, kwa hiyo namba iliyogongwa katika spana hizo ina maana nyingine kabisa.

Namba ya pili ni ile iliyogongwa kichwani mwa bolti. Katika mfumo wa milimita wa kimataifa, 8.8 maana yake ni kwamba chuma kinahimili mvuto wa nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika, na kwamba huanza kunyooka bila kurudi kinapofikia takriban sehemu nane za kumi za mvuto huo. Bolti ya 10.9 huhimili nyutoni 1000 na sehemu tisa za kumi. Wajapani wa enzi ya 240Z walitumia alama nyingine: 4, 7 au 9, na 7 maana yake ni kilo 70 za mvuto kwa milimita ya mraba. Kwa hiyo "bolti namba 7" huweza kuwa nguvu ya chuma, na anayesikia akadhani ni spana. Kosa hili si dogo. Bolti za mikono ya pistoni huvutwa na kuachiwa mara maelfu kwa dakika. Ikiwekwa bolti dhaifu yenye umbo lilelile, jicho halitaona tofauti. Itakapokatika, mkono wa pistoni huweza kutoboa ukuta wa injini.

Namba ya tatu ni ya kipuri, iliyomo katika orodha ya mtengenezaji. Kwa kawaida Nissan, waliokuwa wakiunda Datsun, huiandika kwa herufi na tarakimu kumi katika mafungu mawili ya tano, na fungu la kwanza hutaja aina ya kipuri. Namba hii haipimi kitu chochote. Ni jina tu, lakini ni jina lisilo na utata, mradi orodha iliyotumika ni ya gari na mwaka unaohusika.

Twapendekeza, basi, kwamba neno namba libakizwe kwa maana ya tatu tu, yaani namba ya kipuri. Maana nyingine zipewe majina yake: upana wa kichwa, kipenyo cha mwili, na daraja la nguvu. Umbali kutoka kilele cha hesi moja hadi kilele cha inayofuata uitwe hatua. Mfasiri ajihadhari hapa, kwani neno la Kiingereza linalotaja umbali huo hutaja pia lami na uwanja wa mpira. Neno hatua lafaa kwa sababu nati ikizungushwa mara moja katika hesi ya kawaida, husogea umbali huohuo, kama mtu apigavyo hatua. Ama kuhusu hesi, wengi husema nyuzi. Hatuoni ubaya wa matumizi hayo katika mazungumzo. Lakini nyuzi ni kipimo cha pembe vilevile, na sentensi isemayo "nyuzi zenye nyuzi 60" haitamfaa mwanafunzi. Hesi ndilo neno la kuandikia.

Sasa tuje kwenye orijino. Neno hili limeenea madukani kama sifa ya jumla ya ubora, na kinyume chake ni feki. Mgawanyo huu wa pande mbili hautoshi, kwani katikati yake mna dhana zinazotofautiana kwa bei na kwa haki ya mnunuzi. Twapendekeza istilahi nne. Kipuri cha awali ni kile kilichotoka kiwandani ndani ya injini hiyohiyo. Kipuri cha mtengenezaji ni kipya kilichouzwa na mwenye gari lake kiwandani, chini ya namba yake, ingawa huenda alama au rangi imebadilika tangu gari lilipoundwa. Kipuri linganifu kimetengenezwa na kampuni nyingine kwa vipimo vilevile, nayo haifichi jina lake. Kipuri cha kughushi ni kile kilichotiwa jina la mtu mwingine ili kumdanganya mnunuzi.

Ubora haufuati mpangilio huo moja kwa moja. Bolti ya awali iliyokwisha kunyooka ni ya awali kweli, lakini haifai kurudishwa katika mkono wa pistoni. Bolti linganifu yaweza kuwa imara kuliko ile ya awali. Vivyo hivyo, bolti ya nguvu kubwa iliyosafishwa kwa tindikali na kupakwa zinki upya ili ipate rangi ya zamani, yaweza kunyonya haidrojeni na kuwa dhaifu kama haikuokwa ipasavyo baadaye. Kwa hiyo usahihi wa sura na usalama ni mambo mawili, na agizo lazima litaje yote mawili.

Kwa kutumia istilahi hizi, agizo laweza kuandikwa hivi: "Bolti sita, kipenyo cha mwili milimita 10, hatua milimita 1.25, urefu chini ya kichwa milimita 40, upana wa kichwa milimita 14, daraja la nguvu 9 la Kijapani, zinki ya manjano, kipuri cha mtengenezaji au linganifu." Mwenye duka Babati, Nairobi au Yokohama hawezi kulifahamu kwa namna mbili. Ofisa anayenunua vipuri vya magari ya umma naye hupata kauli ya kumrudishia muuzaji mzigo usiolingana na agizo; kauli kama "bolti orijino namba 17" haimpi nguvu hiyo.

Hatudai kwamba fundi aache kusema bolti namba 17. Akiwa na spana mkononi, lugha yake inatosha. Twaomba tu walimu wa ufundi wawafundishe wanagenzi kupima kichwa, mwili na hatua, kisha kuviandika kwa majina yake. Na wafasiri wasiandike orijino bila kujiuliza ni ipi kati ya dhana nne inayokusudiwa. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya, hasa yanayotumika tayari karakanani, wanaombwa kuyaleta ili yajadiliwe kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.