Utambuzi wa ujuzi wa awali katika ufundi wa ujenzi
Utambuzi wa ujuzi wa awali ni utaratibu wa kumhesabia mwanagenzi mafunzo aliyokwisha kuyapata anapohama kutoka fani moja ya ujenzi kwenda nyingine. Kwa mfano, seremala anayeingia katika uashi huwa tayari anajua kusoma ramani, kupima na kutumia timazi. Hivyo hufundishwa yale asiyoyajua tu, kama kupanga matofali.

Nchini Ujerumani wanagenzi wa fani nyingi za ujenzi husoma mambo ya msingi kwa pamoja katika mwaka wa 1. Baada ya miaka 2 hupata cheti cha ngazi ya kwanza, ambacho huhesabiwa wanapoendelea na mwaka wa 3 ili kubobea, kwa mfano katika uashi au kazi za zege.

Nchini Tanzania, VETA huwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti wanaofaulu.

Bila utambuzi huo, fundi hurudia mafunzo na kupoteza muda na kipato. Hata hivyo, miaka ya kazi pekee haitoshi: ujuzi hupimwa kwa vitendo, kwa kuwa kosa katika nyaya za umeme au nguzo linaweza kuua.