Mwenzetu Akilia Katikati ya Kikao



Mashine ikikwama, fundi haipigi nyundo. Huizima kwanza, kisha huitazama. Ndivyo anavyopaswa kufanya kiongozi wa kikundi cha ushauri jambo lisilotazamiwa linapozuka.

Wako wasemao kazi hii ni ya madaktari peke yao. Sivyo. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, karibu na Mbarara, wakimbizi wenyewe walifundishwa kwa wiki sita, wakawashauri wenzao mmoja mmoja. Matokeo mazuri yalichapishwa mwaka 2008. Huko Masaka na Rakai, mwaka 2002, wenyeji waliofundishwa wiki mbili tu waliongoza vikundi vya watu wapatao wanane, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Huzuni ya washiriki ilipungua sana.

Katibu wa tawi naye hukutanisha wenzake baada ya ajali kiwandani au msiba shambani. Basi tuzingatie haya.

Kwanza, mtu akilia, tusimnyamazishe wala tusimchimbe aeleze zaidi. Tungoje, kisha tumwulize kama anataka kuendelea au kupumzika. Akitoka nje, asitoke peke yake. Kwa sababu hiyo viongozi wawe wawili.

Pili, lawama. Nakivale wanaishi pamoja Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na vita vilivyowafukuza makwao bado vimo vifuani. Mmoja akianza kulaumu taifa la mwenzake, tumrudishe kwenye masharti ya siku ya kwanza: kila mtu aeleze yaliyompata yeye, asimhukumu jirani.

Tatu, mtu akisema amechoka kuishi, tusipuuze. Tumwulize waziwazi, kando, kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Asiachwe peke yake, apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo. Huku kwetu Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ina idara ya magonjwa ya akili. Hapo siri ya kikundi ina mpaka, na mpaka huo utangazwe tangu kikao cha kwanza.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tusiuone mwepesi. Kila tawi lidai kwa mwajiri chumba cha faragha na saa ya kukutania isiyokatwa mshahara. Hiyo nayo ni haki ya mfanyakazi.