Kabongo: Bidoni ya maji inatosha kuanza mazoezi ya nguvu

Katika wilaya ya Kabongo, jimboni Haut-Lomami, nguvu za mwili si jambo geni. Kuna wanaosukuma baiskeli zilizojaa mihogo na mahindi, na wanawake hubeba maji na kuni kichwani. Je, watu kama hao wanahitaji mazoezi ya nini?

Kazi na mazoezi havifanani. Kazini unabeba mzigo uliopo, hata kama mgongo umechoka. Kwenye mazoezi unachagua uzito, unapumzika, na unaimarisha sehemu ambazo kazi inaziacha. Kwa mwalimu au karani anayekaa kutwa, hitaji ni kubwa zaidi, maana misuli huanza kupungua polepole kadiri umri unavyopita miaka 30.

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilishauri mwaka 2020 kwamba watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa juma.

Si lazima kuwa na vyuma. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo bidoni ya lita 5 ikijaa ni kilo 5. Anza na mazoezi 4:

- kukaa kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu;
- kujisukuma ukutani kwa mikono;
- kuinama mgongo ukiwa umenyooka, kisha kuvuta bidoni kuelekea tumboni;
- kutembea hatua 20 ukiibeba, mkono mmoja kisha wa pili.

Matatu ya kwanza, rudia mara 8 hadi 12. Yakiwa mepesi, tafuta bidoni kubwa zaidi na uongeze lita 1. Misuli kuuma kidogo kesho yake ni kawaida. Kifua au kiungo kikiuma sana, acha, nenda kituo cha afya. Mwenye shinikizo la damu na mama mjamzito wamuulize muuguzi kwanza.

Kuanza ni rahisi. Kudumu ndiyo kazi. Watafiti wa University College London walifuata watu 96 na kuona kwamba zoea jipya lilihitaji wastani wa siku 66 kukomaa, kati ya 18 na 254. Kukosa siku moja hakukuliharibu.

Basi, unganisha mazoezi na jambo ulilokwisha kuzoea. Kama unaoga kila jioni, fanya Jumanne na Ijumaa kabla ya kuoga, dakika 15 tu. Ukikosa Jumanne, usingoje mwezi mpya: Ijumaa ipo.