Je, Wajua? Wabrazili Waliotundika Daluga Wakaja Kutufundisha

Je, wajua kwamba beki wa kulia aliyevaa jezi ya Brazil bega kwa bega na Ronaldo, Rivaldo na Roberto Carlos alikuwa kocha wa Gor Mahia mwaka 2016? Jina lake kamili ni José Marcelo Ferreira, ila mashabiki wa kandanda wanamjua kwa jina la Zé Maria.

Alizaliwa tarehe 25 Julai 1973 mjini Oeiras, jimbo la Piauí, kaskazini mashariki mwa Brazil. Msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera asipite haraka hapo. Kaskazini mashariki ya Brazil nayo ni nchi ya ukame na mifugo, na Oeiras ni mji uliokua kwa biashara ya ng'ombe. Ulikuwa makao makuu ya Piauí hadi mwaka 1852, serikali ilipohamia Teresina. Kijana wa eneo kama letu, mbali na miji mikubwa, alifika mbali kuliko wengi waliozaliwa Rio.

Je, wajua kwamba Afrika ndiyo iliyomnyima dhahabu ya Olimpiki? Atlanta 1996, nusu fainali, Brazil inaongoza Nigeria mabao 3-1. Nwankwo Kanu akasawazisha dakika ya 90, kisha akafunga bao la dhahabu katika muda wa nyongeza: 4-3. Nigeria ikaendelea hadi ikawa bingwa. Brazil iliondoka na shaba baada ya kuifunga Ureno 5-0, na Zé Maria ni mmoja wa waliovishwa medali hiyo. Miaka 20 baadaye alikuwa akiwafundisha Waafrika wenyewe.

Mwaka 1997 alikuwa katika kikosi cha Brazil kilichotwaa Copa América nchini Bolivia, na mwezi Desemba katika kile kilichobeba Kombe la Mabara mjini Riyadh, Saudi Arabia. Australia ililala 6-0 katika fainali. Taji hilo pia lilifahamika kama Kombe la Mfalme Fahd.

Je, wajua kocha wake pale Parma mwaka 1996? Carlo Ancelotti, yuleyule aliyekabidhiwa timu ya taifa ya Brazil mwaka 2025. Kikosi hicho kilikuwa na Buffon, Cannavaro, Thuram na Crespo, na kilimaliza wa pili katika ligi ya Italia. Baadaye Zé Maria alicheza Perugia, kisha Inter Milan chini ya Roberto Mancini kuanzia 2004 hadi 2006.

Gor, maarufu kama K'Ogalo, walimpa kazi nzito. Alirithi timu ya Frank Nuttall, Mskoti aliyekuwa ametwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2015 bila kupoteza hata mechi moja ya ligi. Ukirithi timu ya namna hiyo, kila sare ni kesi na kila kichapo ni msiba. Gor ilimaliza nafasi ya pili nyuma ya Tusker, akaondoka. Mimi naona alihukumiwa kwa haraka: nafasi ya pili katika msimu wa kwanza, katika nchi asiyoijua, si aibu.

Kutoka Nairobi akaelekea Albania, kwa KF Tirana. Klabu hiyo ilipata mwaka 2017 jambo adimu sana katika soka: ilitwaa Kombe la Albania na kushuka daraja kwa mara ya kwanza katika historia yake, yote katika msimu mmoja.

Je, wajua kwamba Mbrazili mwingine amefundisha katika nchi nne za Afrika Mashariki? Huyo ni Robertinho, yaani Roberto Oliveira Gonçalves do Carmo, winga wa zamani wa Fluminense na Flamengo, aliyezaliwa 1960. Alianzia Rwanda. Mwaka 2018 aliifikisha Rayon Sports robo fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF kutoka kundi lililokuwa na Gor Mahia na Yanga, na msimu uliofuata akatwaa ubingwa wa Rwanda.

Gor wakamwita mwaka 2020. Hapo ndipo kisa chake kinapotuhusu sisi moja kwa moja. Amecheza Maracanã, ana medali, ana jina, lakini CAF ilimzuia kukaa kwenye benchi la ufundi katika mechi za Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya leseni. Kanuni inataka kocha awe na leseni A ya CAF au inayolingana nayo. Basi kocha mkuu akabaki nje ya benchi wachezaji wake wakiingia vitani, na muda si mrefu pande hizo mbili zikaachana. Kipaji cha miguu hakikusaidia kitu mbele ya kanuni.

Hakufa moyo. Akaenda Uganda, akatwaa ubingwa wa 2021/22 na Vipers, halafu Oktoba 2022 akaing'oa TP Mazembe kwa mikwaju ya penalti palepale Lubumbashi. Vipers ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza. Januari 2023 akahamia Simba ya Tanzania, na kundi la Simba lilikuwa na nani? Vipers! Akaifunga timu aliyoijenga mwenyewe, 1-0 Uganda na 1-0 Dar es Salaam. Simba ikafika robo fainali, ikatolewa na Wydad Casablanca kwa penalti.

Agosti 2023 alitwaa Ngao ya Jamii mjini Tanga mbele ya Yanga. Tarehe 5 Novemba Yanga hao hao wakampiga 5-1, na siku mbili baadaye hakuwa na kazi. Mwaka 2024 alirudi Rayon Sports.

Je, wajua kwamba Tanzania ilisubiri miaka 29 kati ya fainali moja ya bara na nyingine, na pande zote mbili za kusubiri huko yupo Mbrazili? Mwaka 1980, katika Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Lagos, ilifungwa 3-1 na Nigeria iliyofundishwa na Otto Glória. Mwaka 2009 ilikwenda CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, nchini Ivory Coast chini ya Marcio Maximo, ikawafunga wenyeji 1-0.

Je, wajua kwamba Brazil, tunayoisifu kama nyumbani kwa kandanda, iliwakataza wanawake kucheza mchezo huo kwa amri ya serikali kuanzia 1941 hadi 1979? Timu yake ya wanawake haikuwa na kocha mkuu mwanamke hadi 2016, alipoteuliwa Emily Lima, kiungo wa zamani. Wanaodhani wasichana wa Garissa wamechelewa waitazame hiyo tarehe. Na hijabu si kisingizio: bodi ya sheria za soka iliiruhusu uwanjani mwaka 2014.

Garissa iko zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi. Vipaji vipo: Berlin FC ya hapa imewahi kuiwakilisha Kaskazini Mashariki katika mashindano ya Chapa Dimba na Safaricom. Jua likipoa, viwanja vya vumbi hujaa vijana, na anayewafundisha mara nyingi ni mchezaji wa zamani anayejitolea, mwenye filimbi na moyo, bila cheti. Ngazi ya leseni za CAF huanzia leseni D, ikapanda C, B, A hadi Pro.

Ombi langu ni kwa Shirikisho la Soka la Kenya na serikali za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera: leteni kozi ya leseni D Garissa kila mwaka, ada ilipwe na kaunti, na nusu ya nafasi wapewe wanawake. Nawe uliyewahi kuvaa jezi ya mtaa wako, jina lako liwe miongoni mwa ya kwanza kuandikishwa.