Watoto Wetu na Tuzo ya Rais

Wazazi kadhaa wa hapa Kenya wametujia na karatasi mikononi, walizoletewa na watoto wao kutoka shule za sekondari, wakatuuliza: je, yafaa kumtilia sahihi mtoto wa Kiislamu aingie katika hii iitwayo Tuzo ya Rais? Wengine walikwisha kukataa kabla ya kuuliza. Mmoja alidhani ni jambo la kanisa, mwengine alidhani mtoto ataapishwa, na wa tatu alikataa kwa kuwa binti yake atalala nje ya nyumba. Huyu wa tatu ana hoja, nasi tutamjibu mbele. Hao wawili wa kwanza twaweza kuwajibu upesi.

Mpango huu ulianzishwa Uingereza mwaka 1956 na Philip, Duke wa Edinburgh, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, kwa fikra za mwalimu wake Kurt Hahn. Bwana huyo alizaliwa Ujerumani katika nyumba ya Kiyahudi, akaihama nchi yake mwaka 1933 kwa dhulma za Hitler. Aliona kuwa vijana wa zama hizi miili yao imelegea na huruma yao imepungua. Na sisi tusomeshao chuoni hatuwezi kumkadhibisha kwa hilo. Kenya iliupokea mwaka 1966, ukaitwa kwa jina la Rais. Hamna ibada ndani yake wala kiapo. Wala si mashindano: mtoto hapimwi kwa mwenzake, bali kwa lile alilojiwekea mwenyewe.

Huingia mwenye umri wa miaka 14 hadi 24. Daraja ni tatu: Shaba, Fedha na Dhahabu. Katika kila daraja kijana hutakiwa kutumikia watu, kujifunza ustadi fulani, kuzoeza mwili, na kwenda safari ya taabu kidogo pamoja na wenzake. Mambo matatu ya mwanzo huchukua kiasi cha saa moja kwa juma, na Shaba haikamiliki kwa chini ya miezi sita. Mwenye kutaka Dhahabu huongezewa kukaa siku tano na watu asiowajua, wakifanya kazi moja. Na kwa yule baba aliyetuambia kuwa dhahabu ni haramu kwa mwanamume, twasema: hilo ni jina la daraja tu, na beji ikimtia shaka kijana wake, basi na aiweke sandukuni.

Kwa hakika mengi katika hayo si mageni kwetu. Kijana afagiaye msikiti, afyekaye majani makaburini, au asomeshaye wadogo alifu na be, anatumikia watu. Ashonaye kofia au ajifunzaye kuandika khati nzuri ya Kiarabu ana ustadi. Na mwenye kuona haya binti kufanya mazoezi na akumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.). Atafutiwe mahali pa stara na mavazi ya stara, acheze.

Lakini hapa ndipo penye jambo tulitakalo khasa kulisema. Kila saa huandikwa katika kitabu, na mtu mzima hutia sahihi kushuhudia kuwa kazi imefanyika. Mwaka mmoja tuliletewa kitabu na kijana tuliyemsomesha tangu utotoni. Kilikuwa kimejazwa miezi mitatu ya huduma chuoni petu, na yeye hakuonekana hata Jumamosi moja. Alitaka sahihi tu, na akatwambia kuwa wenzake wote wamepata za kwao. Tulikataa. Alikasirika, na mama yake akaja kutusemesha, akisema twamzuilia mtoto bahati yake. Tukamwambia: mama, ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, haupungui kwa kuwa karatasi ni ya shule. Kijana alipotea muda, kisha akarudi akaanza upya, akawasomesha wadogo Jumamosi zake zote, na sahihi tukamtilia kwa furaha.

Hadithi ya nia, aliyoipokea Umar bin Al-Khattab (r.a.), Imamu Bukhari ameiweka mwanzo kabisa wa kitabu chake. Kijana akimtumikia mgonjwa kwa ajili ya beji, beji ataipata, na huenda asipate zaidi. Walakini hatuoni kuwa kuandikiwa kazi kwaiharibu nia kwa lazima; mwalimu hulipwa mshahara na huenda akawa mkhlisi. Ushauri wetu ni huu: kijana awe na jambo jingine la kheri asiloliandika popote. Na sisi tungependa hifdhi ya Kur'ani isiingizwe katika kitabu hicho kabisa. Ustadi wa kuandika uko mwingi.

Sasa safari. Katika Shaba hulala usiku mmoja, katika Fedha siku mbili, katika Dhahabu siku tatu. Wavulana hawana udhuru. Atokaye Mombasa akenda milima ya Taita amekwisha kupita marhala mbili, ambazo ni kiasi cha kilomita 80 na kidogo, basi aweza kupunguza sala na kuzikusanya. Hufundishwa kusoma ramani na dira kabla ya kwenda. Na kwa kuwa kibla chetu pwani ni kaskazini karibu sawasawa, dira hiyo itamfaa sala tano. Aulize mapema kuhusu nyama itakayopikwa, au achukue dagaa na maharagwe yake.

Kwa binti, baba ana haki ya kuuliza, na shule ina wajibu wa kujibu. Kundi liwe la wasichana watupu, wasimamizi wawe wanawake wa kuaminika, mahali pajulikane, na pawe karibu iwezekanavyo. Kwani kusafiri bila ya maharimu ni mas'ala yenye masharti katika madhehebu yetu ya Shafi, na kila mtu amwulize sheikh wake kwa safari yake. Masharti yasipotimia, asiende mwaka huo. Lakini asikatazwe mpango wote kwa sababu ya usiku mmoja. Yale mambo matatu ataendelea nayo nyumbani na mtaani, na kwa kuwa mlango u wazi mpaka miaka 24, safari yaweza kungoja.

Kabla ya kutia sahihi, ulizeni ada ni kiasi gani, nani msimamizi, na kama tarehe za safari zaangukia Ramadhani. Zikiangukia, ombeni ziahirishwe.